Gundi ya Biri za Fabio

Mtu asikudanganye, kiyoyozi ni adui wa tumbaku kuliko panya. Panya anakula kidogo anashiba, kiyoyozi kinanyonya unyevu wala hakishibi. Ningekuwepo nyumbani kwa wifi yangu Ercilia siku ile, lile sanduku la mwerezi lisingeingia chumba kile hata kwa mtutu wa bunduki. Lakini sikuwepo, nilikuwa karakanani nasokota biri za watu. Aliyekuwepo ni Marleny, bibi harusi mwenyewe, mtoto wa kaka yangu. Marleny ni msusi. Mikono yake inajua nywele na kucha, tumbaku haiijui hata kwa salamu. Aliona chumba kipya kina baridi nzuri, mchumba wake kaweka mashine kwa ajili ya ndugu zake watakaotoka New York, akasema moyoni kitu cha thamani kikae penye ubaridi. Akalitoa sanduku kabatini kwa mama yake, akalipeleka huko, akalitandikia na kitambaa cha kufuma juu.

Sasa hilo sanduku si sanduku tu. Wiki aliyozaliwa Marleny, kaka yangu Fabio alibaki karakanani kila jioni wenzake wakishaondoka, akasokota biri zake mwenyewe kwa majani aliyoyaomba huku na kule, mazuri, mapana, ya kung'aa kama yamepakwa mafuta. Akazipanga humo, akafunga, akapita mtaa mzima wa Tamboril, mji wetu huu wa tumbaku, kuwatangazia watu: hizi zitavutwa siku ya harusi ya binti yangu, si kabla. Watu wakamcheka, mtoto hata kitovu hakijadondoka. Fabio akafa Marleny akiwa bado anavaa sare za shule ya msingi. Tangu hapo Ercilia ndiye mlinzi wa sanduku. Alilibadilishia kitambaa kibichi mwaka hadi mwaka, na hata wakati ule nyumba haina mchele, alipokuja mfanyabiashara mmoja kuzitaka kwa bei ya kutisha, alimtoa na ufagio mpaka barabarani. Mimi nilikuwepo, nilishika mlango ili apite vizuri.

Basi Jumapili kabla ya harusi tukalifungua ili nizivalishe utepe. Majani ya nje yalikuwa yamekauka na kupasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Nyingine zina ufa mdogo, nyingine zimechanika kutoka kichwani mpaka mguuni, tumbaku ya ndani inachungulia. Marleny akakaa sakafuni na kuanza kulia kwa sauti, anasema yeye ndiye, yeye ndiye. Ercilia hakulia. Alifunga kifuniko taratibu akaniuliza:

"Wifi, zinatibika?"

"Zinatibika," nikasema. Mdomo ulijibu kabla kichwa hakijakubali.

Na hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Maana mtaa mzima ulikuwa unazisubiri biri za Fabio. Muuza duka la kona alikuwa ameacha kuvuta wiki nzima ili ulimi uwe safi. Kama Jumamosi tungewapa wageni biri zilizochakaa zinazomwaga majivu kwenye mashati, au tungewaambia hazipo, Fabio angekuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mbele ya watu. Ercilia asingesema neno. Ningemwona tu anavyoinama, na mimi nisingelistahimili hilo.

Kwanza nikazirudishia unyevu. Hilo halina haraka, biri kavu ukiibandika chochote inazidi kuvunjika. Nikaweka vitambaa vibichi, nikafunga, nikamkataza kila mtu kusogea. Kufikia Jumatano zilikuwa zimelainika, ukizibonyeza zinaitikia. Nikafurahi nikapiga makofi peke yangu jikoni. Sasa kilichobaki ni viraka na gundi, na kiraka kwangu ni kama kuvaa kiatu. Nilichukua vipande vya majani kwenye meza yangu karakanani, majani mazuri, hakuna aliyeninyima. Taabu ilikuwa gundi.

Gundi tunayotumia kazini ni unga unaotoka nje ya nchi, msimamizi wetu Tavito anaufungia kwenye kabati na funguo kaivaa shingoni. Kikopo chake kimoja dukani Santiago ni bei ya keki ya harusi, na keki yenyewe ilikuwa bado haijalipiwa. Mambo ya harusi yalikuwa yamekomba kila kitu mpaka peso za kwenye mtungi. Kwa hiyo nikasema, nitatafuta gundi ya bei ya chini hapa hapa. Najua wahenga wamesema rahisi ghali. Lakini wahenga hawakuwa na harusi Jumamosi.

Gundi ya biri si ya kubandikia viatu. Isionekane, isinuke, na isiwe na ladha, maana hiyo inakwenda mdomoni mwa mtu na kwenye moto kwa pamoja. Nikaanza na muhogo. Nikakuna, nikakamua, wanga ukatuama chini ya bakuli mweupe pe, nikaupika kidogo kwenye maji ukawa uteute mzuri. Hauna harufu, hauna ladha, na umegharimu muhogo mmoja. Nikachukua biri moja ya Fabio yenye ufa mdogo, nikakata kiraka kama ukucha, nikapaka, nikabandika, nikasawazisha kwa kidole. Kikalala tuli. Nikaenda kunywa kahawa kwa maringo, nikawasimulia akina mama waliokuja kumenya ndizi jinsi Digna asivyoshindwa na kitu.

Niliporudi, kiraka kilikuwa kimeinua ukingo kama mtoto anayekutolea ulimi.

Nikakibandika tena. Kikainuka tena. Nikasema muhogo huu ni wa kulishia kuku, ulete unga wa ngano. Unga wa ngano ukaacha alama nyeupe na biri ikanuka kama mkate mbichi, na kiraka kikainuka vilevile. Nikaja na ute wa yai. Ute ulikauka unang'aa kama konokono kapita, na nilipojaribu kuvuta biri yangu mwenyewe niliyoipaka ute huo, jiko zima likanuka manyoya ya kuungua. Shangazi yake bwana harusi akakimbilia kufunua sufuria akidhani kuku wake kaungua. Nikatuma dukani unga ule wa kugandishia jemu. Huo ndio ulikuwa na matumaini, ukashika vizuri, nikaimba. Alhamisi asubuhi naamka nakuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye biri ya kaka yangu. Kumbe ndani ya ule unga watu wametia sukari. Na kiraka chenyewe chini ya sisimizi kilikuwa kimeshabenuka.

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akaniuliza kama wageni watavuta au watatafuna. Mimi sikucheka. Nilikuwa na mori, nilikuwa napiga vyombo, nilimfokea hata paka wa watu.

Nikavaa viatu nikaenda kwa Tavito. Sikwenda kwa upole, nilimwambia wazi kwamba mimi na yeye tumeanza kazi siku moja, kwamba Fabio ndiye aliyemfundisha kukata kichwa cha biri, na kwamba nikitoka pale bila ile gundi nitasimulia mambo yake yote ninayoyajua, nami nayajua mengi. Tavito akaangalia kushoto na kulia, akavua funguo. Akanipimia unga kidogo kwenye karatasi, akaikunja, akasema nisimtaje kwa mtu. Nilirudi nyumbani mbio, jua la mchana kichwani, naona kama nimebeba dawa ya kumfufua mtu. Nikachanganya kidogo tu na maji kwa heshima zote. Nikapaka. Nikabandika. Safari hii sikwenda kunywa kahawa. Nilivuta kiti nikakaa na kiraka uso kwa uso.

Ukingo ukaanza kuinuka taratibu, mimi nauangalia.

Ile ndiyo gundi bora kuliko zote, hakuna nyingine juu yake, nayo imekataa. Nikasema kwa sauti, jiko zima likasikia, kwamba siku hizi hata gundi ya kutoka nje wanachakachua, watu hawana dini, kila kitu feki. Wakati huo Ercilia alikuwa kakaa pembeni anachambua maharage. Tangu tumzike Fabio, wifi yangu huyu hajatia neno kwenye mambo ya tumbaku. Aliacha meza ya karakana siku ileile, akaanza kushona nguo za watoto, akawa kama hajawahi kushika jani maishani. Nami nilimheshimu, sikumgusa hapo. Sasa bila kuinua macho akasema:

"Mchagua jembe si mkulima."

Nikapandwa na kichaa. Nikatupa brashi mezani, nikamwambia basi na aje yeye mkulima, achague jembe tuone. Mimi niliyeshindwa na gundi zote za kisiwa hiki nakaa, yeye mwenye mdomo asimame. Ercilia akaweka sinia chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaja. Hakuangalia gundi hata kidogo. Aliokota kipande cha jani nilichokuwa nakatia viraka, akakipeleka dirishani, akakiinua kwenye mwanga.

"Hili umelitoa upande gani?"

"Upande gani tena? Jani ni jani."

"Wewe, wifi? Wewe ndiye unaniambia jani ni jani?"

Nikamnyang'anya kile kipande, nikakitazama mishipa yake. Aibu tupu.

Maana mtoto yeyote aliyezaliwa Tamboril anajua kwamba jani la tumbaku ukilitoa ule uti wa katikati linakupa nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, na mishipa ya kila nusu imelalia upande wake. Ukizungusha la kulia unazungusha huku, la kushoto unazungusha kule. Hazichanganywi. Mezani kwangu mimi miaka yote wananiwekea ya kulia, mkono unayachukua bila kuuliza. Na Fabio alikuwa mashoto, yeye akizungusha kule. Karakana nzima alikuwa peke yake, na nusu za kushoto alikuwa akizipata kwa msichana mmoja wa meza ya kutolea uti, ambaye alimtengea zilizo nzuri na kuzificha chini ya aproni. Sisi tulidhani kaka yangu anaifukuzia ile meza kwa sababu ya majani. Msichana mwenyewe ndiye huyu amesimama dirishani.

Nilikuwa nimebandika viraka vya kulia kwenye biri za kushoto. Kiraka kikikauka kinavuta kwao, biri inavuta kwao, wanagombana, ukingo unainuka. Hata ningekibandika kwa saruji. Na mimi siku mbili nzima namtukana muhogo.

Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia. Nilimwomba msamaha muhogo, nikamwomba na kuku. Nikasema basi kesho alfajiri nitapita karakanani nichukue ya kushoto, mambo yamekwisha. Lakini Ercilia akatikisa kichwa. Akaweka kipande changu juu ya biri ya Fabio nione. Langu lilikuwa jipya, lina rangi ya maji ya kunde. La Fabio lilikuwa limezeeka gizani mpaka likawa jeusi la wekundu kwa ndani. Hata ukilibandika likashika, litaonekana kama kiraka kwenye suruali ya mtoto wa shule. Jani la umri ule halipo karakana yoyote. Lipo sehemu moja tu.

Tukaliangalia sanduku sote wawili.

Mle ndani zilikuwamo zile zilizochanika kabisa, kama kiganja kimoja hivi. Nilikuwa nimeziweka kando, najidai nitazishona hata kwa uzi, maana sikutaka kupoteza hata moja. Ercilia akazitoa, akazipanga mezani. Kisha akachukua kisu changu cha nusu mwezi, ambacho hakuna mtu amewahi kukishika bila ruhusa yangu. Nikamdaka mkono.

"Wifi, usizivunje. Hiyo ni kazi ya mkono wake. Hatupati nyingine."

"Alizisokota zivutwe, Digna. Mimi ndiye niliyezilinda, na nimechoka kulinda."

Hajawahi kuniita jina langu tangu aolewe. Mkono wangu ukamwachia wenyewe.

Akatia ncha ya kisu pale jani linapoishia, akalifungua kwa kulizungusha kinyume, polepole. Nilitegemea livunjike vipande vipande. Halikuvunjika. Pale palipo na ufa liliachana, lakini palipobaki pazima lilifunguka laini, pana, na ile harufu ikatoka. Sijui niieleze vipi. Ni harufu ya shati la Fabio jioni akirudi kazini. Ercilia akalitandaza mezani kwa kiganja, akalinyoosha kutoka katikati kwenda pembeni kama tunavyofanya, mkono haujasahau kitu, na machozi yakawa yanamdondoka huku anatabasamu, wala hakuyafuta. Nami nililia. Akina mama wakalia. Yule shangazi yake bwana harusi ambaye hakumjua hata Fabio alilia kuliko wote.

Baada ya hapo, wewe, ilikuwa sherehe kabla ya sherehe. Nikarudisha uteute wa muhogo jikoni, nikaupasha moto. Ercilia alikata viraka, kila kimoja anakitazama kwanza mishipa yake imelala wapi kisha anakigeuza kifuate biri. Marleny akaleta brashi yake ya kupakia rangi ya kucha, mpya, nywele zake nyembamba kuliko brashi yangu, akawa anapaka gundi kwa ncha kabisa. Kazi ya kuchora kucha kumbe ilikuwa inamwandaa kwa siku hii. Mimi nabandika na kusawazisha. Cha kwanza tulikibandika tukaacha kazi yote, tukakizunguka, hakuna anayehema. Kahawa ikapoa. Kiraka kikakauka kimelala. Nikapitisha ukucha, ukateleza.

Nilipiga kigelegele mpaka duka la kona wakazima muziki kuuliza nani kafa.

Ijumaa nzima tulifanya kazi hiyo, miguu kwenye beseni la maji, muziki wa bachata redioni, Marleny na vikorokoro vya nywele kichwani. Mchumba wake akaja kuuliza habari ya viti, tukamfukuza. Jioni sanduku lilikuwa limejaa tena, pungufu ya zile tulizozifungua tu, na kila biri ina utepe wake. Hakuna iliyobaki bila kiraka changu, nyingine mbili, nyingine tatu. Gundi iliyobaki niliwatilia kuku kweli, na ile ya Tavito nikamrudishia kwenye karatasi yake. Alishangaa. Nikamwambia tumetumia ya bei kali zaidi.

Jumamosi kanisa lilijaa, Marleny akapendeza mpaka nikamsahau padri. Uani, baada ya chakula, Ercilia akasimama na sanduku mikononi, na watu wakasogeza viti karibu. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Fabio anawakaribisha," akaanza kugawa kwa mkono wake. Muuza duka alivuta pumzi ya kwanza akafumba macho, akakaa chini kwenye jiwe. Moto ulikuwa unafika kwenye viraka na kupita kama haujaona kitu. Majivu yalisimama meupe, marefu. Mimi nilikuwa nazunguka meza kwa meza, nachungulia biri za watu, nimeshika mdomo nisipige kelele.

Mjomba wa bwana harusi, mzee mmoja anayenunua biri kwa niaba ya matajiri huko ng'ambo, aliizungusha yake kwenye jua, akainusa, akavuta, akaita. Anataka kujua huyu msokotaji yuko karakana gani, amwajiri Jumatatu, mshahara aseme mwenyewe. Ercilia akamtazama kwa huruma.

"Umechelewa, mzee. Nilishamchukua mimi."

Watu walicheka, na wifi yangu akacheka nao, kicheko ambacho sijakisikia nyumba ile tangu Marleny alipokuwa anavaa sare. Alikwenda kucheza muziki na muuza duka. Mimi nilitazama nikashukuru.

Sanduku likafika chini. Ikabaki moja. Marleny akaja nayo kwangu, gauni kalishika mkononi, anahema kwa kucheza. Akasema shangazi, umewahesabu watu wote ukajisahau. Nikaipokea. Nikasema asante, nikaisukumia taratibu ndani ya mkoba wangu kati ya leso na rozari, nikiwaza nitaiweka kabatini, iwepo tu. Kumbe Ercilia ananiona. Alikuja akafungua mkoba wangu kama wake, akaitoa, akakata kichwa kwa kile kisu changu, akanitia mdomoni kama mtoto anayepewa dawa. Kisha akawasha kiberiti akakikinga na upepo kwa viganja viwili.

Kabla sijavuta nikamwambia asubiri kidogo. Nilitaka kwanza nikione kiraka changu, nijue moto utafika pale lini. Nikaitoa mdomoni, nikaigeuza juani, upande huu na upande huu, nikapitisha ukucha kutoka kichwani mpaka mguuni. Nilitafuta mpaka kiberiti kikamuunguza Ercilia kidole. Sikuona mahali mkono wangu ulipoanzia, wala wa kaka yangu ulipoishia.